Abiria wa Vespa ya Kijani

Jumamosi asubuhi Gaspard na mkewe Godelive walishuka kwa lifti hadi maegesho ya chini ya jengo lao, Flemingdon Park, Toronto, kuchukua Vespa waliyoinunua kwa Hyder. Hyder alikuwa ameshaivua turubai. Ilikuwa Vespa ya mtindo wa kizamani, kijani kilichofifia kama sabuni ya kufulia, taa yake duara, kiti cha kahawia, vioo viwili vya kromu vimesimama kama masikio ya sungura. Umbo lilikuwa la Kitaliano, lakini ilitengenezwa India na kuendeshwa India. Kwenye bamba la mbele, karibu na gurudumu, palikuwa na mbonyeo uliofunikwa kwa stika ya bendera.

Hyder alikuwa mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam. Alikwenda Pune kusoma akiwa kijana, akapata kazi, akakaa. Kisha akahamia Toronto na mizigo yake yote kwenye kontena, Vespa ikiwa ndani. Sasa alikuwa na kiwanda kidogo cha chapati na sambusa za kugandisha nyuma ya barabara ya Eglinton, na Gaspard alikuwa mtu wake wa kukanda unga. Tena Hyder alikuwa mtu wa tano.

Habari ya mtu wa tano ilikuwa hivi. Gaspard na Godelive walipoitwa kuondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenda Canada, binti yao Joyeuse alikuwa ameshapita umri wa kuhesabiwa mtoto. Walimwacha. Ili aje, walitakiwa watu watano wakazi wa Canada wakubali kwa sahihi zao kumdhamini. Wanne walipatikana kanisani kwa wiki moja. Wa tano alikuwa Hyder, ambaye alisema ndiyo tangu Pasaka, na tangu Pasaka hajatia sahihi. Leo ana mgeni, kesho ana mzigo wa unga bandarini. Hakukataa. Hyder hakuwa mtu wa kukataa jambo.

Kwenye usukani wa Vespa palining'inia ndimu moja na pilipili za kijani, zimetungwa kwenye uzi mweusi.

"Patron, hiki kitu ni nini?" Godelive aliuliza.

"Ya kukinga jicho, mama. Kule wanatundika kwenye kila chombo. Mie si mambo yangu, ila nimezoea. Kila Jumamosi naweka mpya."

"Leo ni Jumamosi."

"Hiyo mpya. Nimeweka sasa hivi."

Godelive alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Alitoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya zeituni, akaupaka usukani, akapaka taa, akapaka magurudumu yote mawili, akaomba kwa ufupi kwa sababu maegesho yalikuwa na baridi. Halafu akakata ule uzi kwa meno. Hyder alifungua mdomo, akaufunga.

"Sisi hatutundiki vitu," Godelive alisema.

"Sawa, mama. Chombo ni chenu."

Pilipili zile alizitia kwenye sombe, yaani kisamvu, ya Jumapili, na ndimu akaikamulia samaki. Zilikuwa kali kiasi cha kawaida.

"Mzee Gaspard," Hyder alisema wakati anakabidhi ufunguo, "honi usiipige humu chini. Watu watalalamika."

"Na huko nje?"

"Huko nje utaona mwenyewe."

Siku ya kwanza Gaspard alipoitoa kwenda kazini, barabara ya Don Mills ilikuwa na vumbi jekundu. Chini ya magurudumu ya Vespa palikuwa na barabara nyingine, ile iliyoizoea. Kuanzia kiunoni kwenda juu Gaspard alikuwa Toronto, pamoja na taa za Toronto na mabasi ya Toronto. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa nje kidogo ya Pune, ambako lami imemegeka pembeni na joto la mchana bado limo ndani yake. Madereva wa nyuma walimwona mzee mwenye helmeti akikwepa kitu ambacho hakipo. Gaspard alikuwa anakwepa nyati wa maziwa.

Hakupata shida. Kabla ya vita alikuwa motari Uvira, yaani mtu wa kubeba abiria kwa pikipiki, na barabara ya namna hiyo aliijua mwilini. Toronto ndiyo ilikuwa imemshinda, kila mtu kwenye mstari wake, kimya kama watu waliogombana. Huku alipiga honi akajibiwa kwa honi. Alipita malori ya miwa, akapita bwana harusi juu ya farasi, akapita familia ya watu wanne juu ya skuta moja, mtoto mdogo amesimama mbele kwenye miguu ya baba yake kama nahodha. Alijifunza tabia za Vespa. Ni chuma tupu, nzito, na magurudumu yake ni madogo, kwa hiyo shimo ambalo pikipiki kubwa inalipita bila habari linaimeza Vespa mpaka taa. Breki ya mbele peke yake kwenye mchanga ni kaburi. Ndoano iliyo chini ya usukani inabeba kilo tano za vitunguu bila kulalamika.

Kwenye makutano wanaume wa kule walikuwa wanainama kuitazama.

"Lita moja inakwenda kilomita ngapi?"

"Arobaini," Gaspard alijibu.

Walitikisa kichwa kwa huruma. "Yangu inakwenda sitini."

"Yako ni plastiki," Gaspard alisema, na taa ikawa kijani.

Kazini alifika na mapera aliyonunua njiani. Wenzake waliyala, wakasema ni matamu, wakauliza kama yapo makubwa zaidi. Theluji ilipoanza, watu wote wa Toronto waliweka pikipiki zao ndani. Gaspard aliendelea. Theluji ilimwangukia mabegani huku miguu ikimtoka jasho. Godelive alimshonea suruali nyepesi na kumnunulia koti zito.

Jambo moja tu lilikuwa halimpendezi. Kwenye barabara ile ilikuwa daima jioni. Akitoka alfajiri, jioni. Akirudi mchana, jioni, jua limekaa usawa wa macho na vumbi limesimama ndani yake. Na wakati wa kurudi, pale Don Mills inapopinda kabla ya daraja, usukani ulivuta kushoto wenyewe, injini ikaongeza mwendo bila yeye kuigusa, na gurudumu la mbele likagonga kitu. Si jiwe wala shimo. Kilikuwa kitu laini chenye kitu kigumu ndani, kama godoro lililokunjwa na mtu yumo. Aliposimama na kutazama hapakuwa na kitu. Kila siku aligonga, kila siku akatazama, mwisho akaacha kutazama.

Siku aliyoacha kutazama, springi za kiti cha nyuma zilishuka.

Motari wa Uvira hageuki kumtazama abiria. Anasikia springi zikishuka, anauliza wapi, anaondoka. Na akishauliza wapi amemchukua. Hawezi kumshusha njiani, hata mvua ije, hata askari waje, hata ajue kwamba abiria huyo ni mtu wa taabu. Motari anayemwacha mtu njiani akirudi kituoni anakuta wenzake wamesogeza pikipiki zao, hakuna nafasi ya kuegesha. Mtu mwingine wa Toronto angesimama, angeuliza wewe ni nani. Gaspard aliuliza kile ambacho mdomo wake ulizoea.

"Mama, wapi?"

Alijua ni mama kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa upande mmoja. Kwenye kioo aliona ncha ya sari, na mkono wenye bangili za kioo za kijani, nyingi zimevunjika.

"Kwa Hyder," mwanamke alisema. Alisema Kimarathi, na Gaspard alimwelewa kama motari anavyomwelewa kila abiria.

"Leo Hyder hayupo."

"Nitangoja," alisema mwanamke.

Hyder alikuwepo. Gaspard alimpeleka mwanamke nyumbani kwake mwenyewe, na akapanda naye lifti.

Godelive alikuwa anasonga ugali. Aliwatazama wote wawili, akaongeza unga.

"Papa Joyeuse, huyu ni nani?"

"Abiria."

"Sasa mbona hajashuka?"

"Bado hajafika."

"Karibu, mama," Godelive alisema. "Kaa mbali na mlango, kuna baridi."

Mwanamke aliitwa Mangal. Alikaa kwenye kiti karibu na kabati la vyombo, bangili zikilia kidogo kila alipopumua, ingawa hakuwa anapumua kwa sababu ya kuhitaji. Alieleza habari yake bila haraka. Siku ile alikuwa anatoka kumpelekea mume wake chakula kwenye jengo wanalojenga. Alikuwa anavuka. Vespa ya kijani ilikuja kwa kasi, aliyeiendesha anatazama simu.

"Alisimama mbele kidogo," Mangal alisema. "Akaweka mguu mmoja chini. Akageuka. Tukatazamana. Halafu akaondoa mguu."

"Yesu," Godelive alisema, kwa sauti ya kawaida, akageuza ugali.

"Magari mengi yalipita. Kisha Dattu akasimama, dereva wa bajaji. Akanibeba mwenyewe mpaka kwenye kiti chake, akanipeleka hospitali. Nilifia kwenye bajaji yake, tukiwa karibu kufika. Polisi wakaona damu kwenye bajaji. Wakasema ni yeye aliyenigonga. Alisema hapana, nimembeba tu. Wakasema, nani anambeba mtu asiyemjua? Akafungwa miaka kumi."

"Na mume wako?"

"Ameoa. Ni sawa. Watoto walihitaji mtu wa kupika."

"Sasa unatafuta nini, mama?"

"Mimi nimeshakufa, hilo limepita. Nataka Hyder aseme ni yeye. Dattu atoke."

Walipomaliza kula, Godelive alimwita mume wake bafuni, mahali pekee penye mlango wa kufungika, akafungua maji ili sauti isitoke.

"Nimemsikia. Nimemwonea huruma," alisema. "Lakini baada ya sahihi."

"Abiria hapelekwi baada ya sahihi. Anapelekwa."

"Na mtoto wako? Huyo hapelekwi?"

Gaspard alitazama maji.

"Ukimpeleka mtu kwa Hyder akamwambie ni muuaji," Godelive alisema, "halafu umwombe kalamu? Fikiri. Huyu mama ana muda. Joyeuse hana."

Mangal akabaki. Asubuhi alishuka na Gaspard, akapanda kiti cha nyuma, akaenda naye mpaka kiwandani na kungoja nje kwenye ngazi ya kushushia unga. Hyder siku hizo aliingilia mlango wa mbele. Jioni alirudi na Gaspard. Usiku alikaa kwenye kiti chake, hakulala. Watu wa kanisani walimsalimia. Wamaitha, nesi Mkenya wa ghorofa ya chini, alikuja kuazima sufuria, akamshika mkono kupima mapigo kwa mazoea tu ya kazi.

"Hakuna kitu," Wamaitha alisema. "Lakini msimkalishe dirishani, huo upepo si mzuri."

Joyeuse alipiga simu kila Jumapili, picha yake ikikatikakatika.

"Papa, yule wa tano anasema nini?"

"Bado kidogo."

"Mnasemaga tu bado kidogo."

"Unakula?"

"Papa, mgao umepunguzwa tena. Huyo mama nyuma yako ni nani?"

"Mgeni," Godelive alidakia. "Msalimie."

"Shikamoo, mama," Joyeuse alisema. Mangal alimwinulia mkono wenye bangili.

Mwezi wa pili askari wa barabarani alimsimamisha Gaspard karibu na Eglinton. Alisema abiria amekaa upande na hana helmeti. Gaspard alisema ni kweli. Askari alimgeukia Mangal, akamwambia anunue helmeti, kwa usalama wake.

"Nilikuwa natembea kwa miguu," Mangal alisema.

Kwa vile askari alikuwa ameshasimama, Gaspard alimweleza habari yote kwa Kiingereza chake cha kiwandani. Askari alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza ilikuwa mji gani. Pune, Gaspard alisema. Askari alisema basi hilo ni la Pune, akawatakia safari njema.

Chini, kwenye makutano ya kule, alisimama askari mwingine, wa kaki, mwenye filimbi. Gaspard alimweleza na yeye. Yule alisema kesi hiyo imefungwa na mtu wake yuko ndani. Kisha akainama, akauliza lita moja inakwenda kilomita ngapi.

Gaspard alijiambia kwamba amejaribu. Aliendelea kukanda unga. Kila Ijumaa alimkumbusha Hyder habari ya sahihi, na kila Ijumaa Hyder alisema, "Wiki ijayo, mzee, in shaa Allah," akitazama upande wa pili wa mashine ya kukata sambusa. Wote wawili walijua nani amekaa nje kwenye ngazi. Hawakulitaja. Hata mshahara wa Gaspard ulianza kuja na kuku wa bure.

Mwishoni mwa majira ya baridi, jioni moja, Gaspard alifika kwenye kona. Usukani ulivuta kushoto. Injini ikaongeza mwendo. Gurudumu likagonga. Safari hii bajaji ilikuja nyuma yao, ikasimama ghafla, na mtu mwembamba mwenye shati la kaki akashuka mbio. Alipiga magoti kwenye vumbi, pale ambapo Gaspard hakuwahi kuona kitu, akaanza kunyanyua.

"Mzee," mtu yule aliita. "Njoo tumbebe. Peke yangu siwezi."

Gaspard aliweka mguu mmoja chini. Akageuka. Wakatazamana. Ilikuwa saa ya kurudi nyumbani, Hyder alikuwa ameahidi kwa mara nyingine kutia sahihi Jumapili, na gari la nyuma, la Toronto, lilikuwa linapiga honi. Gaspard aliondoa mguu. Aliendesha mpaka kwenye daraja kabla ya kujua amefanya nini. Nyuma yake bangili za Mangal zililia.

Alizima injini chini ya jengo, akabaki ameshika usukani.

"Ndivyo alivyofanya?" aliuliza.

"Ndivyo," Mangal alisema. "Ila yeye alikaa kidogo zaidi kabla ya kuondoka."

Jumapili, baada ya ibada, Gaspard alimwambia mkewe kwamba anampeleka abiria. Godelive hakubishana. Alikwenda chumbani, akarudi na karatasi za Joyeuse ndani ya mfuko wa plastiki, akashuka nazo, akainua kiti cha Vespa na kuziweka mle.

"Mpeleke," alisema. "Usirudi na hizi bila sahihi."

Hyder alikaa kaskazini kidogo, nyumba ya matofali yenye gereji. Mkewe na watoto walikuwa msikitini kwenye darasa. Alifungua mlango mwenyewe, amevaa kanzu ya nyumbani, akamwona Gaspard, akamwona Mangal nyuma yake. Alisogea kuwapisha.

"Vueni viatu tu," alisema. "Mama hana viatu. Basi."

Aliwakalisha sebuleni. Alileta chai ya maziwa na sahani ya chevda ya kutafuna, akaweka vikombe vitatu. Alikuwa amenyoa vizuri.

"Nilijua utamleta," alimwambia Gaspard. "Miaka yote nilikuwa nabadilisha ile ndimu kila Jumamosi, hata nikiwa na homa. Nikisahau, nashuka namkuta amekaa kwenye kiti. Kule Pune nisingeweza kuiuza. Fundi angeuliza huu mbonyeo umetoka wapi. Nikaja nayo. Nikachoka. Nikasema nimpe mtu anayejua barabara."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenunua?"

Gaspard alifikiri kwa haki. "Hapana."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu."

Mangal alikuwa hajagusa chai. Alikuwa anamtazama Hyder, si kwa hasira, ila kama mtu anayemtambua mtu aliyemwona mara moja tu zamani na kuhakikisha kwamba ndiye.

"Umenenepa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Dattu yuko ndani."

"Najua. Nilisoma gazetini kabla sijaondoka. Niliona hata picha yake."

"Sema ni wewe. Andika tu. Mpigie wakili wa kule. Dattu ana watoto."

"Na mie ninao, mama," Hyder alisema. "Wangu wapo hapo darasani sasa hivi, wanajifunza sura fupi."

Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Hyder aligeuza kikombe chake kwenye kisahani, akakigeuza tena, akamtazama Gaspard.

"Bosi, sema tu," Gaspard alisema. "Huyu mama nimempa neno kwamba atafika kwako. Amefika. Mpe anachotaka."

"Mzee Gaspard, zile karatasi za bintiyo unazo?"

Gaspard alitazama dirishani, upande ilipo Vespa.

"Kama unazo, zilete nitie sahihi. Nimekuchelewesha sana. Si vizuri. Mtoto anateseka kule, na mie naleta wiki ijayo, wiki ijayo. Zilete, tuyamalize leo."

Alikuwa anasema kwa upole, kwa namna ile anayosema kiwandani akimruhusu mtu aende mapema kwa sababu mkewe anaumwa. Hakuongeza sharti lolote. Hapakuwa na haja.

Gaspard angeweza kusema kwamba karatasi hakuja nazo. Alimtazama Mangal. Mangal alitazama kikombe cha chai, utando umeshakaa juu yake. Gaspard alimwona Joyeuse kwenye simu, picha imekwama, mdomo wazi, katikati ya neno. Akasimama. Alitoka bila viatu, soksi zake kwenye theluji, akainua kiti cha Vespa. Chini ya kiti palikuwa na joto. Alirudi na mfuko wa plastiki, akauweka mezani kati ya vikombe.

Hyder alivaa miwani. Alisoma kila ukurasa, mtu makini, akauliza jina la kambi linaandikwaje. Akatia sahihi mahali pote panapotakiwa. Mangal alifuatilia kalamu kama mtu anayetazama sindano ya daktari ikiingia kwenye mkono wa mwingine.

"Haya," Hyder alisema. "Mungu amlete salama."

"Amina," Gaspard alisema. Neno lilitoka lenyewe.

Mangal aliinuka wa kwanza. Nje, Gaspard alivaa helmeti na kushika usukani, akangoja. Kwa sheria ya kituo cha Uvira kazi yake ilikuwa imekwisha. Abiria alitaka kwa Hyder, akafikishwa kwa Hyder. Angeweza kuondoka peke yake, na hakuna motari ambaye angesogeza pikipiki yake.

"Umenifikisha," Mangal alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umefika."

Springi zilishuka. Waliondoka pamoja, jioni ya kule ikiwapiga usoni. Kwenye kona bajaji ilikuwa imesimama, mlango wake wazi, na mtu wa shati la kaki alikuwa anajaribu kunyanyua peke yake. Gaspard alipunguza mwendo. Kwenye mfuko wa ndani wa koti karatasi zilimkwaruza kifua. Akapita.

Joyeuse alikuja baada ya mwaka na miezi kadhaa, mwembamba kuliko kwenye simu, na koti la mtu mwingine. Kanisa lilipanga karamu ya kumpokea, lakini ukumbi ulikuwa umechukuliwa, kwa hiyo ikafanywa nyumbani. Watu walikaa mpaka kwenye korido. Kulikuwa na sombe, ndizi, samaki wa kukaanga, na sambusa ambazo Hyder alileta trei tatu. Yeye na mkewe waliwekwa kwenye kochi. Mchungaji Josué alisimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya wale watano, akawataja mmoja mmoja. Alipofika kwa Hyder watu walipiga makofi marefu kuliko kwa wengine, kwa sababu Hyder hakuwa wa kanisa lao, na bado alikubali. Hyder aliinua mkono kidogo, akatazama chini. Ni mtu asiyependa kusifiwa.

Mangal alikaa kwenye kiti chake karibu na kabati la vyombo. Watoto walikuwa wamemzoea, walimpita wakikimbia, mmoja akamwachia kiatu chake amfungie kamba. Joyeuse alikuwa ameshaelezwa habari yote na mama yake, kwa kifupi, wakimenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Dattu bado yuko ndani. Bado, Godelive alisema. Joyeuse akamenya ndizi iliyofuata.

Usiku huo Pune kulikuwa kunapambazuka.

Kwao, kabla ya kula, mgeni mkubwa ananawishwa kwanza, na anayemnawisha ni binti wa nyumba. Godelive alijaza maji ya vuguvugu kwenye jagi, akamkabidhi Joyeuse na beseni. Joyeuse alikwenda kwenye kochi, akapiga goti moja mbele ya Hyder kama alivyofundishwa, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Asante, baba," alisema. "Kama si wewe nisingekuwa hapa."

"Usijali, mwanangu," Hyder alisema, akanyoosha mikono juu ya beseni.

Joyeuse alimwagia maji. Hyder alinawa vizuri, viganja, vidole, mpaka kwenye vifundo vya mikono, na alipoinua mikono inayotiririka taulo ilikuwa tayari mbele yake. Mangal ndiye aliyeishika. Bangili zililia kidogo. Hyder alijifuta, mkono mmoja kisha wa pili, akamrudishia, akasema asante, na Gaspard akawaambia watu wapakue, chakula kinapoa.